Hesabu ya Sabaki

Alfajiri, mwezi wa kumi, maji yanaanza kujaa.
Huu ndio wakati: bahari inawasukuma ndege
kutoka matopeni hadi ulimi wa mchanga mdomoni mwa mto,
wanabanana kama watu wa foleni ya mafuta taa.

Nyevu ana daftari. Mimi nina darubini
na kidude cha chuma cha kubonyeza kwa gumba,
kinachosema ka, ka, ka.
Mto umeshuka mwekundu. Umeleta kutoka bara
kandambili ya mguu wa kushoto, chupa, gogo;
na viboko wawili, ambao hawakuletwa na yeyote,
wanatutazama kwa masikio.

Sululu, kumi na tisa. Hao ni rahisi,
mdomo umepinda kama shazia iliyokanyagwa.
Heroe, watatu, wamesimama kando
kama wageni waliofika arusini kabla ya wapishi.
Buabua, mia mbili na kitu.
"Na kitu ngapi?" anauliza Nyevu. Hapendi kitu.

Shida ni vitwitwi.
Kitwitwi si ndege, ni mchanga uliopata miguu.
Unahesabu kumi, unaushika machoni ukubwa wa ile kumi,
halafu unaitupa juu ya kundi,
kumi, kumi, kumi,
kama bibi alivyopima mtama kwa kibaba,
akifuta juu kwa kiganja
asipunje wala asipunjwe.

Wanatoka kusiko na usiku mwezi wa sita,
ambako yai hutagwa juu ya udongo ulioganda.
Mmoja ana pete mguuni, ya manjano, herufi mbili.
Kuna mtu huko alimshika mkononi,
akampima, akamwachia.
Herufi ya pili ina tope. Tunangoja anawe.
Hanawi. Anaukunja mguu wenye pete,
anasimama kwa ule mwingine, analala.

Nilikuwa nimefika elfu moja mia sita na arobaini
kozi akaja.
Sikumwona. Niliona mchanga ukiruka.
Kundi zima likageuka, likawa jeupe, likawa kijivu,
likawa jeupe, likawa halipo.
Gumba langu likabonyeza lenyewe, ka.
Nyevu akasema neno asilolisema mbele ya babake.
Tukaanza moja.

Mama haipendi kazi hii,
wala si kwa sababu ya tope au viboko.
Karani wa sensa alipofika kwetu Mambrui
alikaa kibarazani, kalamu tayari:
"Mama, watoto wako ni wangapi?"
Mama akatazama uani. "Wapo."
"Wapo wangapi?"
"Wapo, alhamdulillahi. Kunywa chai."
Karani akanywa vikombe viwili,
akaondoka na kisanduku kitupu kwenye karatasi.
Kikishatajwa idadi kinasikiwa na wengi, husema mama,
na si wote wema.

Mimi nilikuwa nikihesabu kwa siri,
kimoyomoyo, viatu vya mlangoni: jozi saba.
Kisha, mwaka wa surua, nikahesabu tena.

Saa nne joto linatetemesha kila kitu ndani ya kioo,
ndege mmoja anakuwa wawili, tunafunga.
Elfu mbili mia moja na themanini.
Pungufu ya mwaka jana,
na mwaka jana ulikuwa pungufu ya mwaka juzi.
Nyevu anapiga mstari chini yake kwa rula,
kana kwamba bila rula watatoroka.

Nyumbani nanawa miguu kwa maji ya birika.
Mama yuko juu ya mbuzi, anakuna nazi, hageuki.
"Wamefika?"
"Wamefika."
Mbuzi inakuna, inakuna, inanyamaza.
"Wote?"

Namba iko mfukoni, imekunjwa mara mbili.
Natazama uani.
"Wapo," nasema.